Ukuta Unaliwa kwa Ndani

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, mguu wa baba yako umepoa. Asiyepoa ni mimi. Bwawa lenu la tope la mgodi linavuja. Chini ya ule ukuta wa mawe, upande wa shamba letu, maji yanatoka mazito kama uji. Nimemwambia msimamizi wenu, akacheka: “Mama, ukuta unatoa jasho tu.” Jasho! Mahindi yangu yameungua mpaka mizizi. Na wewe mhandisi wao umekaa kimya.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo mama,

Mpe baba pole. Ukuta wa mawe huvuja kidogo; maji yakiwa maangavu, hakuna neno. Yakitoka na tope, ukuta unaliwa kwa ndani. Nimemweleza mkuu wangu hapa mjini. Anasema tusubiri kwanza wageni wake waondoke. Vumilia kidogo.

Binti yako

15 Machi

Wewe binti,

Salamu utazipata ukija. Nivumilie nini? Hao wageni wanalala chini ya ukuta? Hapa wanalala watoto wa dada yako! Sikukusomesha uje kunieleza vizuri nitakavyozikwa.

Mama

22 Machi

Shikamoo mama,

Najua bado umenuna. Jana nilikwenda mgodini bila ruhusa. Nilichota yale maji kwa kiganja, yakaniachia tope. Nikaamuru pampu za tope zizimwe. Mkuu akanipigia: “Unajifanya nani?” Nikamjibu, “Mtoto wa watu wa chini ya ukuta.” Amenifukuza kazi, na walinzi wakanipakia garini moja kwa moja mpaka mjini. Simu yako haipatikani, barua hii nampa dereva wa lori. Mama, hameni leo. Watu wote wapande shuleni, kule mlimani.

Binti yako

29 Machi

Mwanangu,

Tu wazima, sote. Nimeanza na hilo upate kupumua. Jana mchana ukuta uliachia. Tulikuwa shuleni, watu wakininung'unikia kwamba nimewahamisha bure. Ukasikika mngurumo, kisha tope la kijivu likafunika shamba, kisima, na paa letu. Baba yako alilia kama mtoto. Mimi chozi halikutoka, hasira imenijaa mpaka shingoni.

Leo mkuu wako kaja na mablanketi. Eti ukuta umeangushwa na mvua. Mvua gani, na jua linatuchoma wiki nzima? Alitaka tupigwe picha tukimshukuru. Nimemsukumia blanketi lake kifuani, nikamwambia asiondoke, mhandisi wetu yuko njiani.

Basi usiniaibishe. Panda gari.

Mama yako