Kano Iliyokauka Juani

Mjukuu wangu Zuhura,

Barua yako imetufikia hapa Buyenzi salama. Bibi yako hajambo, na mdogo wako amerudi shule. Mengine ya mji huu tuyaache.

Umenieleza mnavyounda huko maabarani kwenu protini zinazovutika kama mpira, kisha ukauliza kama mtu aliyekaa mbali miaka mingi bado anaweza kurudi akawa wa nyumbani.

Marehemu baba yangu alikuwa na bucha. Nikiwa mdogo nilimwomba ile kano ya njano inayoshikilia shingo ya ng'ombe, nitengeneze manati. Ilivutika ajabu. Nikaianika juani siku kadhaa, nikidhani itapata nguvu kama ngozi. Nilipoivuta mbele ya wenzangu, ikakatika kama kijiti.

"We Saidi, hiyo manati ao kuni?" wakanicheka.

Nilitaka kuitupa, lakini baba akanizuia. "Apana, mwanangu. Tia mu maji kwanza."

Kesho yake kipande kilichobaki kilikuwa laini, kikivutwa kinarudi. Miaka mingi baadaye, nikifundisha biolojia, nilielewa kwamba protini ile hunyumbuka ikiwa na maji tu. Ikikauka inakuwa ngumu, lakini haijafa.

Basi njia zikitulia, njoo, hata kama Kiswahili kimeanza kukuponyoka. Siku za mwanzo hatutakuuliza kitu. Utakaa nasi tu.

Ndege ikipita juu ya ziwa la hapa kwetu, bibi yako huacha anachofanya na kusikiliza mpaka mlio uishe. Nami siku hizi husikiliza pamoja naye.

Babu yako anayekungoja,
Saidi