Vidole Viwili vya Fundi Latafat

Tajganj, Agra
6 Novemba 1996

Mwanangu Ishtiyaq,

Salaam aleikum. Huku tu wazima. Kifua cha mama yako kimepata nafuu, sasa anakohoa asubuhi tu. Nawe natumaini u mzima, maana ninayotaka kukwambia yanahitaji mtu mwenye afya.

Jumanne ya wiki iliyopita ulileta wageni wako karakanani. Nilifurahi, nisikufiche. Nilimwambia mama yako atoe vile vikombe vizuri. Kiingereza sikijui, kwa hiyo ulipokuwa ukizungumza niliinamisha kichwa nikaendelea kupachika petali ya akiki kwenye marumaru, nikidhani unawaeleza kazi. Yule bibi wa kofia ya bluu akaja akanishika mkono wa kulia, huu uliopungukiwa vidole viwili, akalia. Nikasema moyoni, labda amefiwa. Nikampa chai. Nikampa na pole, mimi mpumbavu, nikampa pole!

Jana amekuja Bhatnagar, kiongozi wa watalii wa kampuni nyingine, na watu wake. Hata salamu hakumaliza. "Mzee Latafat, hebu toa vile vidole wavione." Nikamuuliza, vidole gani? Akacheka mpaka akashika mlango. "Kwani mwanao hajakwambia? Viongozi wote tunajua!"

Ndipo akanieleza. Kwamba Taj Mahal ilipokwisha kujengwa, Mfalme Shah Jahan aliwakata mafundi mikono wasije wakajenga nyingine. Huo uongo naujua, kila mwenye gari la farasi hapa anausema. Lakini wewe umeongeza wako. Umesema sisi ni kizazi cha waliokatwa, na kwamba tangu siku hiyo kila mtoto wa kwanza wa ukoo wetu hukatwa vidole viwili kwa ukumbusho, na kwamba mimi ndiye wa mwisho.

Umerogwa, Ishtiyaq? Yaani mimi nilikatwa na baba yangu mzazi, yule aliyekuwa akinipuliza kidole kila nilipojichoma na patasi? Umemfanya babu yako mchinjaji ili watu wapige picha! Na kidole kimojawapo ni cha shahada. Kidole ambacho mtu humshuhudia Mungu mmoja, wewe umekitolea ushahidi wa uongo.

Na kama mafundi wote walikatwa mikono, ule msikiti mkubwa wa mfalme huyo huyo unaowaonyesha Delhi kabla hamjapanda basi kuja huku, uliokwisha baada ya Taj, niambie, ulipambwa kwa miguu?

Nijibu kwa barua. Simu ya dukani kwa Gupta usipige, sitakwenda kuipokea.

Baba yako

*

Paharganj, Delhi
14 Novemba 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Mama ana nafuu. Mimi sijambo, ila baridi imeanza.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Nami nina hasira yangu, ukiniruhusu.

Wewe hujawahi kusimama mbele ya watu thelathini walioamshwa alfajiri. Jana wameona kaburi la Humayun, leo Taj, kesho Fatehpur Sikri, kesho kutwa Jaipur. Matumbo yamewaharibika, miguu imevimba, makaburi yote kwao yameshakuwa kaburi moja. Nawaambia miaka ishirini na mbili ya kazi, nawaambia ng'ombe waliovuta marumaru kutoka Makrana, wanapiga miayo. Nikisema "mikono ilikatwa," wote wanageuka, hata aliyekuwa anatafuta choo. Yule bibi wa kofia ameniandikia kutoka kwao. Anasema yote ya safari ile atayasahau, isipokuwa mkono wako. Hiyo ni dhambi?

Na hivyo vidole, Baba, nilikuuliza mara ngapi? Nilikuuliza nikiwa na miaka minane. Nilikuuliza nilipoanza kuota ndevu. Kila mara jibu lako ni "mashine," basi, unageuza uso. Uliacha pengo, nikalijaza mimi.

Meneja ameipenda sana. Ziara ya karakana imeshachapishwa kwenye karatasi za matangazo za msimu huu. Tarehe 12 Desemba nakuja na watu ishirini na sita. Sikuombi uongope. Sikuombi useme chochote. Kaa tu, mkono juu ya meza, mengine niachie mimi.

Mwambie Mama sweta nimepata, asihangaike.

Mwanao mtiifu,
Ishtiyaq

*

Tajganj, Agra
22 Novemba 1996

Mwanangu Ishtiyaq,

Aleikum salaam. Mama yako hajambo, anakusalimu. Mimi ni mzima wa mwili.

Mtiifu! Neno hilo nimelisoma nikacheka kwa sauti, mama yako akaja mbio akidhani nimepatwa na jambo.

Ulitaka kujua. Basi kaa chini, usisomee kwenye ngazi.

Mwaka 1979 ulikuwa darasa la tatu, kule shule ya Kiingereza ya watawa. Kazi ya hapa haikutosha kukuweka kule. Kwa hiyo mchana nilikaa kwenye gurudumu langu la kunolea vijiwe, na jioni nikaenda kiwandani kukata mawe kwa msumeno wa umeme. Miezi minane. Alhamisi moja nilisinzia nimesimama. Hivyo tu. Nilipozinduka, vidole vilikuwa upande wa pili wa jiwe.

Hapakuwa na mfalme, Ishtiyaq. Palikuwa na sare ya bluu, soksi nyeupe, na kitabu cha Kiingereza chenye picha ya bata. Kiingereza kile kile ulichotumia kuwaambia wageni kwamba nilikatwa na ukoo wangu.

Nilimkataza mama yako asikwambie. Nilisema sitaki mtoto ale chakula chake akiutazama mkono wangu. Nimekuficha miaka kumi na saba kwa mapenzi. Leo nakwambia kwa hasira, na wala sijuti. Ubebe na wewe.

Tarehe 12 mlango utakuwa na kufuli. Na ukinikuta njiani uko na wageni wako, usiniite Baba.

Baba yako, kwa leo bado

*

Jaipur
15 Desemba 1996

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Sijui kama utaifungua barua hii. Mama, kama ni wewe umeifungua, msomee.

Umenikosea, Baba. Nasema hivyo na heshima zote. Umeniacha miaka yote nile na kucheka, nilalamikie viatu vya shule kwamba si kama vya wenzangu, na mkono wako uko pale pale mezani! Ungenipa kofi ningeelewa. Usiku ule nilioipata barua yako sikula, na kesho yake nilimwongoza mtu mpaka Ngome Nyekundu bila kukumbuka hata jina la lango.

Tarehe 12 nilifika na watu wangu. Nililiona kufuli. Wameahidiwa, wamesimama uchochoroni, wananiuliza mzee yuko wapi. Nilifungua mdomo niseme unaumwa. Badala yake nikasema, mimi ni mwongo. Nikasema hakuna mfalme aliyekata mikono ya mtu. Kisha yakatoka yote, msumeno, soksi, kitabu cha bata. Nililia, Baba, mbele ya muuza peremende za petha, mpaka akaniletea maji.

Nao walilia. Watu ishirini na sita! Mzee mmoja alinikumbatia, akasema baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe na alikufa hajamwambia asante. Hakuna aliyewahi kulia hivyo kwa ajili ya Shah Jahan.

Habari zilimfikia meneja. Anasema hii inashinda ya mfalme kwa mbali. Anataka iingie kwenye karatasi mpya, "Baba Aliyetoa Vidole Vyake." Mwanzoni nilisita. Kisha nikajiuliza, si ndicho ulichotaka? Ulitaka ukweli, na ukweli ndio huu. Watu wa nchi za mbali watajua wewe ni baba wa namna gani. Nimekubali.

Nakuja na kundi tarehe 8 Januari. Nakuomba, Baba, toa kufuli.

Mwanao,
Ishtiyaq

*

Tajganj, Agra
10 Januari 1997

Kwa Bwana Ishtiyaq Husain,
Kiongozi wa Watalii, Delhi

Bwana,

Salaam. Natumaini wewe na wageni wako mliendelea na safari na kufika Jaipur salama.

Naandika kuhusu ziara yenu ya juzi. Kufuli nililitoa, kama ulivyoomba. Mlinikuta nimekaa, mikono yote miwili imefunikwa kwa shali. Uliposimama kuzungumza, safari hii nilielewa kila kitu bila kujua neno hata moja, maana ulifika mahali ukagusa miguu kuonyesha soksi, kisha ukanyoosha vidole viwili na kuvikata hewani. Wageni wakanigeukia, kamera tayari. Ukainama ukaninong'oneza, "Baba, toa mkono kidogo tu." Nikakujibu, "Karibu, bwana, leo kazi haionyeshwi." Niliona uso wako ulivyobadilika, na sikukuonea huruma.

Uongo wako wa kwanza uliniudhi, lakini haukuwa wangu, ulikuwa wako na wa Bhatnagar. Huu ukweli ulikuwa wangu. Niliukalia miaka kumi na saba. Nilikupa wewe peke yako, kwa sababu hata katika hasira ile nilitaka mtu mmoja duniani aubebe pamoja nami. Nawe ukaupandisha basi.

Kuanzia sasa, karakana hii inapokea wageni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Wataonyeshwa vijiwe, gurudumu, na namna ua linavyopachikwa kwenye marumaru. Mikono ya fundi haimo katika ziara. Tafadhali mfikishie meneja wako.

Mke wangu ana neno lake, nami nimeshindwa kumzuia. Anasema mlango wa jikoni ni wake, kwamba mwanawe akipita na njaa agonge huko nyuma, atakuta chakula. Mimi wakati huo nitakuwa karakanani.

Wako,
Latafat Husain
Fundi wa marumaru