Mitamba wa Mahari Wanakonda Bondeni kwa Baba Mkwe

Mpendwa Mama Nyambeki,

Naomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu hapa Londiani sina mtu wa kumwambia jambo hili bila maneno kuwafikia wakwe zangu. Mimi naitwa Noah, nalima viazi na kufuga ng'ombe wa maziwa, na Agosti mwaka jana nilipeleka mahari kwa baba wa mke wangu Chepkemboi, mzee Kipkoech, huko karibu na Merigi, mitamba wanne wanene niliowalea mwenyewe, na mzee akawapokea vizuri mbele ya watu, na kwa vile mteremko wake wote ni majani chai, ng'ombe huko hulishwa chini bondeni kwenye kinamasi, kisha ikaja ile mvua ya El Nino, maji yakapanda mpaka karibu na boma, na yalipopungua nyasi zikabaki kijani kabisa na kila mtu akasema mwaka huu malisho ni baraka.

Lakini mitamba hao wakaanza kukonda, manyoya yakasimama, wakaharisha, na chini ya taya ukatokea uvimbe laini kama mfuko wa maji, mmoja akafa mwezi wa Mei, na wa pili aliposhindwa kusimama mzee akamchinja na kuniita nije nione mali yangu, nikakuta ini limekuwa gumu, na mkaguzi wa nyama alipolipasua wakatoka minyoo bapa kama majani madogo, akasema litupwe. Mzee akaniambia mbele ya shemeji zangu kwamba nilimletea ng'ombe wagonjwa, sasa nilete wengine wazima, na Chepkemboi, ambaye alikuwa ameenda kumwonyesha mama yake mtoto wetu, hatarudi kwangu mpaka hao ng'ombe wafike.

Nikamuuliza daktari wa mifugo wa hapa kwetu, Bwana Ondieki, akapima mavi ya ng'ombe wangu wote, hata mama za mitamba hao, hakupata kitu, akanieleza kwamba minyoo hii ya ini hukua kwanza ndani ya konokono wadogo wa kinamasi, kisha hutoka na kujishika kwenye nyasi za majini na ng'ombe huila pamoja na nyasi, kwa hivyo ugonjwa waliupata huko huko bondeni. Sasa Mama, nitamwambiaje baba mkwe kwamba ni malisho yake yanayoua? Kaka zangu wanasema nipeleke wengine wawili yaishe, na mimi najua hao pia watakufa. Nilipoenda mara ya mwisho Chepkemboi alinisindikiza mpaka langoni akaniambia, "Mwambie baba ulichoambiwa na daktari. Mimi nimechoka kukungoja." Nikarudi nyumbani bila kusema. Nifanye nini?

Noah, Londiani


Noah,

Pole kwa mitamba wako. Mtu akilea mnyama tangu akiwa ndama, kumwona ameanguka hivyo kunauma. Huruma yangu inaishia hapo. Ulisimama katika boma la mzee ukiwa na jibu la daktari, ukanyamaza. Huenda wewe unaita hiyo heshima, mimi naiona ni woga. Mzee atajuaje jambo ambalo hujamwambia? Mke wako alikueleza la kufanya kwa maneno machache, ukamwacha langoni ukaja kuniuliza mimi nisiyemjua baba yake.

Usipeleke ng'ombe hata mmoja kwenye kinamasi hicho. Pia usiende huko kumlaumu mzee. Yawezekana ng'ombe wake wa zamani wamebeba minyoo hiyo miaka mingi, wamekonda bila kufa, akadhani ndivyo walivyo. Mavi yao hupeleka mayai majini, konokono huyapokea, na mvua ile iliwatawanya konokono mahali pengi. Mvua haikuitwa na yeye. Mwambie hivyo mkiwa mmeketi, kwa sauti ya chini, shemeji zako wakisikia.

Nenda na mjomba wako na huyo Ondieki. Mwache daktari azungumze habari ya minyoo, apime ng'ombe wa hapo wote. Wakipatikana nayo wanyweshwe dawa siku moja, wa mzee na mitamba wako waliobaki, na iwe dawa atakayochagua daktari, maana si kila dawa ya minyoo inafika kwenye ini. Halafu bonde lizungushiwe ua. Nyasi za kulisha zipandwe juu kando ya majani chai, maji yawekwe kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, na mzee akipenda afuge bata, wanakula konokono.

Habari ya mke wako usiichanganye na ng'ombe. Mwambie baba yake wazi kwamba umekuja kumchukua Chepkemboi na mtoto. Hiyo sema mwenyewe, mjomba asikusemee. Nenda wiki hii.

Nyambeki


Mama Nyambeki,

Nilienda. Mzee alisikiliza akiangalia chini. Ondieki alichukua mavi akaenda kuyapima, na wiki iliyofuata tukarudi na majibu: karibu ng'ombe wake wote wana mayai ya minyoo hiyo. Mtamba wa tatu alikuwa ameshakufa. Amebaki mmoja, na daktari anasema huenda akapona.

Mzee hakusema kwamba nilisema kweli. Alimuuliza tu Ondieki kama dawa itatosha na ng'ombe wa majirani, kwa sababu wote wanakunywa maji ya bonde moja. Ondieki akamwambia nyingine italetwa.

Kisha nikasema mwenyewe kwamba nimekuja kumchukua Chepkemboi na mtoto. Kabla mzee hajajibu, nyuma yake nikamwona Chepkemboi akitoa nguo za mtoto kwenye kamba, zikiwa bado mbichi.

Noah