Makombe Kuzunguka Kioo

Kaloleni, Kisumu
9 Machi 1987

Mwanangu Seline,

Hujambo huko Mombasa? Na mumeo Walter? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika.

Jana nilienda Kisian kumwamkia mama mkwe wako, Beldina. Hata chai haijamiminwa, akanivuta mkono hadi ukutani. Kioo! Kimezungukwa makombe ya bahari, yanang'aa kama meno ya mtoto. "Tazama, Mama Seline, kazi ya binti yangu." Binti yake! Sisi ni wakwe, heshima ilinifunga mdomo. Nikasema kizuri. Chai ilishuka kama mwarobaini.

Nauliza tu: aliyekunyonyesha ni nani?

Mama yako MZAZI,
Dorca

Changamwe
25 Machi 1987

Mama mpendwa,

Pole na magoti. Walter anakuamkia. Usikasirike. Kioo kile Walter ndiye aliyeniomba, maana mama yake alilalamika kwamba simkumbuki. Nawe siku zote ulisema makombe ya konokono ni uchafu. Chako nitakuletea Desemba, kikubwa zaidi.

Binti yako,
Seline

Kaloleni
6 Aprili 1987

Nyathina, mwanangu Seline,

Salamu nyingi, hata kwa majirani. Desemba usijisumbue. Kwani hiyo mikono yako ilitoka kwa nani? Nimeingia ziwani mwenyewe pale Dunga, nikajaza karai konokono wa kila rangi. Fundi wa viatu akanipa gundi. Kioo cha marehemu baba yako sasa kina safu tatu. Cha Beldina kina moja, niliangalia vizuri.

Jumamosi tarehe ishirini na tano nimealika akina mama wa kanisa. Beldina atakaa akitazamana nacho.

Mama yako,
fundi

Changamwe
21 Aprili 1987

Mama,

Natumaini u mzima, sisi salama. Haraka haraka: uliwachemsha? Mimi nilitoa nyama yote kwa sindano, kisha nikayaanika makombe wiki mbili. Usimkaribishe mtu kabla ya kunusa!

Seline

Kaloleni
29 Aprili 1987

Mwanangu,

Ni mzima, ila jina langu ndilo gonjwa. Barua yako ilifika jana. Wageni walikuja Jumamosi.

Harufu niliisikia, nikadhani ni omena, dagaa wa jirani yangu Zamzam, nikamgombeza bure. Akina mama wamekaa, wanapumua kwa mdomo. Mkwe hazibi pua nyumbani kwa mkwe mwenzake, kwa hiyo Beldina alikaa wima, machozi yanamtoka, akisema, "Kizuri sana, Mama Seline." Akasogea ajitazame. Konokono mmoja, mzima kabisa, akamtolea pembe mbele ya uso! Yowe alilopiga, nafikiri hata Milimani walisikia.

Wengine wakakumbuka kazi nyumbani kwao. Yeye akabaki. Tukaketi nyuma ya nyumba, tukiwabandua konokono kwa kisu, sufuria inachemka. Akaniambia, "Dorca, mimi nina kioo, lakini wewe una barua za Seline. Ukizisoma kule kanisani natamani nikuzibe mdomo. Mimi hajaniandikia hata moja."

Nisikudanganye, kwanza moyo ulicheza ngoma. Kisha nikaona haya. Nikachukua barua yako ya Machi, nikamsomea. Pale uliposema alilalamika nikaruka, na mwishoni nikaongeza salamu zako kwake, ambazo hukuziandika. Akalia, akaniomba nirudie hapo kwenye salamu.

Sasa mwandikie, barua yenye jina lake juu. Lakini ukurasa mmoja tu, Seline. Isizidi yangu.

Mama yako,
Dorca