Taa Zilizofutwa Nembo

Jumatatu, 4 Novemba
Uji wa mchele, kahawa chungu, kisha makala. Aya ya nne bado inanigomea. Hoja yenyewe haina shaka: wafadhili hawajengi nchi zilizotoka vitani, wanabandika nembo. Shule ina nembo, kisima kina nembo, hata ndoo. Mhariri wangu Dar anaitaka kwa toleo la Jumapili. Nitawachoma.

Mchana Xiaobei, mtaa wa Waafrika katika jiji hili la Kichina, mkahawa wa Wasomali. Nimefahamiana na Bi Mwanaisha, Mbajuni wa kusini mwa Somalia. Zamani mwalimu wa jiografia, sasa yumo kwenye kamati ya kuujenga upya mji wao. Amekuja kuchukua taa za sola za njia ya kutoka sokoni hadi zahanati ya wazazi. Fedha za wafadhili. Amesikia najua Kichina.

"Mwanangu, kesho twende kiwandani ukanisemee."

Nimekubali. Nimenusa makala.

Jumanne, 5 Novemba
Kiwanda kiko Baiyun. Taa nzuri, imara. Laoban, yaani bosi, ametufungulia boksi kwa mbwembwe. Nembo ya wafadhili, yenye bendera ya nchi yao, imegongwa kwenye chuma cha kila taa, kubwa kama sahani. Mkataba ulitaka kibandiko kidogo tu. Hii ni zawadi yake, bure, kwa heshima ya wateja.

Bi Mwanaisha akaketi juu ya boksi. Nilidhani ameugua.

Kumbe taa za kwanza zilikuwa na nembo. Wapiganaji walizitungua zote. Hawakuona taa, waliona bendera ya wageni. Mlinzi mmoja, mtoto wa dada yake, aliuawa chini ya nguzo. Soko likarudi kufungwa kabla ya magharibi. Wajawazito wakarudi kujifungulia nyumbani, gizani. Kibandiko angekibandua. Chuma hakibanduki.

"Nikizipeleka hivi," alisema, "napeleka maiti."

Kontena linafungwa Ijumaa. Na sheria ya wafadhili ni moja: bila nembo, mzigo haupokelewi.

Nimerudi na hasira. Aya ya nne imejiandika yenyewe.

Jumatano, 6 Novemba
Afisa wa wafadhili amefika kiwandani kukagua mzigo. Annika. Nywele fupi za mvi, viatu vimelika visigino. Nilikuwa na hotuba tayari, kwa Kiingereza changu cha vita. Ukoloni, kiburi, damu ya yule mlinzi. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi malizia, halafu nisaidie kumwambia bosi azisage nembo zote."

Bi Mwanaisha alicheka hadi akashika mbavu, akanigeukia. "Saumu wee, hebu zimeze hizo risasi!"

Annika ameomba ruhusa kwa wakuu wake makao makuu tangu taa za kwanza zilipovunjwa. Wanakataa. Leo amepiga simu mbele yetu, akawaambia anapokea mzigo bila nembo na uamuzi ni wake peke yake. Wanaweza kumfukuza. Anajua. Bi Mwanaisha ananiambia Annika alikuja kwenye matanga ya yule mlinzi, akakaa mkekani na wanawake, hakupiga picha hata moja.

Nilimchukia kidogo, kwa kuniharibia makala. Ikapita. Mwanamke huyu ni jasiri kuliko mimi.

Alhamisi, 7 Novemba
Laoban amenuna. Zawadi yake isagwe? Kila nilichotafsiri kilipata jibu moja: haiwezekani. Bi Mwanaisha akaniambia nimsimulie habari za mpwa wake. Nikasimulia, kwa Kichina changu kibovu. Laoban akavua koti, akashika mashine ya kusagia mwenyewe.

Kutwa nzima cheche na kelele. Sisi wanawake tukipaka rangi ya kijivu palipochubuka. Annika anapaka vizuri, mimi namwaga. Bi Mwanaisha kanisimanga mchana kutwa: "Kalamu ndiyo saizi yako." Palipokuwa na bendera ya nchi yake, Annika amepafunika rangi kwa mkono wake, bila hotuba. Nimemtazama sana.

Ijumaa, 8 Novemba
Kontena limefungwa, limeondoka. Bi Mwanaisha ameniachia ubani. Amelia kidogo, halafu ameomba chai. Annika bado hajasikia lolote kutoka kwa wakuu wake.

Mhariri amepiga simu. Nimemwambia nimebadili makala, naandika sifa.

"Wewe? Sifa? Unaumwa?"

Nimeandika bila kuinuka kitini. Mji, taa, zahanati, Annika, nchi yake. Hii ndiyo makala yangu bora kabisa.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimeisoma tena. Mpumbavu mimi! Jina la mji lipo, jina la wafadhili lipo. Kila tulichokisaga Alhamisi nimekigonga upya, kwa herufi nyeusi, na kule kwao Bi Mwanaisha hata wapiganaji husoma magazeti kwenye simu. Nikitoa majina haibaki makala, inabaki hekaya.

Nimeifuta. Ile ya zamani nayo nimeifuta. Wakuu wa makao makuu yao nitawachoma siku nyingine, wanastahili.

Jumapili, 10 Novemba
Gazeti limetoka bila mimi. Mhariri hajibu ujumbe. Na ajifie na nafasi yake tupu.

Nimechoma ubani kidogo. Mvua nyepesi Xiaobei. Rangi ya kijivu imebaki chini ya kucha. Sijaisugua.