Kwa Baba, Uliyeichana Barua Yangu

Baba yangu,

Nimefaulu. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: barua ikizungukazunguka kwenye salamu ulikuwa ukiruka mistari kutafuta neno lenyewe. Shahada ya pili ya sheria za kimataifa nimeipata hapa London, na tasnifu yangu ya haki za binadamu imekubaliwa nzima, pamoja na ile sura ya tatu niliyoambiwa niitoe. Najiona mrefu leo, Baba, na sitaki kujificha.

Sura yenyewe ilianzia barazani kwako Amu, kisiwani Lamu, ulipokuwa ukiwaandikia watu barua zao, na wewe hukuwahi kujua. Unamkumbuka Bi Mize wa Kipungani, msuka mikeka? Alikuja akitembea pwanipwani tangu alfajiri, miguu imejaa mchanga, ili umwandikie barua kwa afisa wa serikali ya Kiingereza. Mwanawe alikuwa amefungiwa majuma mawili na hakuna aliyesema kwa nini. Ukanipa mimi kalamu, maana nilikuwa nimetoka skuli Mombasa na Kiingereza kinaniwasha mdomoni. Nikajaza ukurasa mzima wa unyenyekevu: mimi mtumishi wako dhalili, nakuangukia miguuni, nakuomba huruma yako. Nilidhani utanisifu.

Ulikuwa na desturi yako. Barua haikutoka barazani mpaka mwenyewe asomewe kwa Kiswahili na kulikubali kila neno. Ulipofika kwenye huruma, Bi Mize alikukatiza.

"Hilo si neno langu, Bwana. Mimi nataka kuambiwa neno moya tu, kosa la mwanangu."

Ukaichana palepale. Ukaniambia, bila hata kunitazama, "Huruma ni ndia apitayo mwenye kosa. Huyu hata kosa hakuambiwa. Andika tena, na maneno yawe yake."

Nilinuna siku tatu, nikasusa hata chai yako ya tangawizi. Barua ya pili ilikuwa mistari minne. Kijana akaachiliwa baada ya siku chache, nasi tukadhani yamekwisha, mara Bi Mize huyo tena mlangoni, mkeka mpya kwapani kwa ajili yako na uso umekunjamana. "Mwana nimempata, Bwana. Jibu sikupata." Ulicheka mpaka kofia ikakuanguka, kisha ukamwandikia nyingine. Hiyo haikujibiwa kamwe.

Huku niliwakuta mabingwa wa somo hili wakisema kwamba sheria ya mataifa ni mambo ya dola na dola, mtu mmoja hana pa kuingilia. Barua za watu wanaozilalamikia serikali zao hupokewa na baraza la mataifa zikawekwa tu, kwa kuwa hakuna aliyepewa uwezo wa kuzishughulikia. Sura yangu ya tatu ilisema mtu ana haki ya kujibiwa. Mwalimu wangu, naye ni mtu mwema, alinishauri niifute, la sivyo nitaanguka, na ufadhili hautolewi mara mbili. Juma hilohilo ikafika barua ya kaka kwamba umefariki na umeshazikwa. Nililia, Baba. Kisha nikakaa nikaiandika upya sura ile, nikaondoa kila neno nililolitia ili nionekane msomi. Ikabaki fupi.

Kwenye mtihani wa mdomo mtahini mmoja aliniuliza, "Ikiwa hakuna wa kumpa anachotaka, huyo mlalamikaji anafuata nini?" Nikasema anafuata jibu, na kwamba nimemwona kwa macho yangu mama aliyekwisha kumpata mwanawe na bado akarudi kulidai. Wakanitoa nje, nikasubiri muda mrefu hata nikaanza kufikiria nauli ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Waliponiita ndani, yule aliyeuliza ndiye aliyesimama wa kwanza kunipa mkono.

Jana ilikuwa sherehe ya kutoa shahada. Wenzangu walikuja na wazee wao, nami nilikaa peke yangu, roho inaniuma kwamba umeikosa siku hii. Lakini huku kirasmi mtu haitwi kwa jina lake, huitwa kwa jina la baba yake. Zamu yangu ilipofika, mzee mmoja mwenye joho akasoma kwa sauti: "Bwana Athmani."

Walikuita wewe, Baba. Nikasimama nikaenda kukupokelea.

Allah alinawirishe kaburi lako.

Mwanao, kitinda mimba wako