Chipsi za Mama Atupele

Tunduma, Jumanne

Dada Zuhura, shikamoo. Huku baridi inauma, kwa hiyo jana niliposhuka tu kwenye basi nilienda moja kwa moja kwa Mama Atupele, yule aliyetulisha tulipokuja kununua vitenge. Unakumbuka alivyokuwa akimuuliza kila mteja, "Nshima au ugali?" Na sufuria ilikuwa moja. Madereva wa Zambia, ambao ugali wanauita nshima, aliwachotea mabonge laini kwa kijiko kilicholowa, sisi akatupindulia mlima mmoja mgumu, na kila mtu akaona amepikiwa cha kwao.

Safari hii hakuuliza. Ng'ambo ya barabara kampuni moja yenye matawi kila mji imefungua mgahawa wa vioo, wenye picha za kuku na chipsi ukutani, na madereva wote wamehamia huko. Mama akaniletea chipsi. Zilikuwa zimelegea na zinanuka mafuta yaliyorudiwa. Akasimama pembeni yangu, akauliza taratibu, "Mwanangu, zimefanana na za wale?"

Nilitaka kumwambia arudi kwenye ugali wake. Lakini alivyonitazama, dada, nikashindwa. Nikasema, "Zimefanana kabisa, mama."

Akafurahi mno. Leo asubuhi nimemkuta anaipakia ile sufuria kubwa ya ugali kwenye mkokoteni. Ameiuza, anunue karai la pili la kukaangia.

Nisalimie watoto. Na ukisonga ugali nibakizie hata ukoko, maana huku sijui nitaula wapi tena.

Mdogo wako,
Hamisi